Digrii ya Haki Jinai Marekani: Inakokufikisha na Inakokuacha

Marekani haina jeshi la polisi. Ina idara za polisi zipatazo 18,000: za miji, za kaunti chini ya sherifu, za majimbo, za vyuo vikuu, za bandari, na nyingine za serikali kuu. Kila moja inaajiri kivyake, inalipa kivyake, na kwa kiasi kikubwa inaamua yenyewe inataka mtu mwenye elimu gani. Ukishalielewa hilo, nusu ya maswali wanayouliza vijana wetu walioko huko kuhusu kusomea haki jinai (criminal justice), yaani masomo ya polisi, mahakama na magereza, yanajijibu yenyewe.

Sisi tumezoea njia moja. Tanzania unaomba nafasi Jeshi la Polisi, ukichaguliwa unapelekwa depo Moshi, ukitoka huko wewe ni askari. Kenya kurutu akipita usajili anakwenda Kiganjo. Ajira inatangulia, mafunzo yanafuata, na mwajiri ni mmoja nchi nzima. Basi mtu aliyekulia kwenye utaratibu huo anafika Ohio au Texas, anaona komyuniti koleji ya jirani, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, inatangaza masomo ya haki jinai, tangazo lina picha ya kijana kavaa sare, naye anadhani amepata depo. Anasoma miaka miwili, anavaa joho, anapiga picha na mama, halafu anauliza sare anakwenda kuichukua wapi.

Koleji haitoi sare. Kati ya mwanafunzi na kazi ya polisi kuna mambo manne yasiyo na bosi mmoja: elimu ya chuo, mafunzo ya akademi (depo ya huko), leseni ya jimbo, na ajira ya idara. Koleji inatoa la kwanza. Pengine inaendesha na la pili. La tatu liko kwa bodi ya jimbo, ambayo majimbo mengi huiita POST, kifupi cha Kiingereza cha viwango na mafunzo ya polisi. La nne liko kwa mkuu wa polisi wa mji au sherifu, naye hana deni na mtu kwa sababu tu kahitimu.

Mpangilio wa hayo manne hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Minnesota, wanakoishi Waafrika Mashariki wengi, kwa miongo kadhaa imejulikana kwa kumtaka polisi awe na angalau digrii ya miaka miwili. Huko unasoma kwenye chuo kilichoidhinishwa na bodi ya jimbo, darasani na kwa vitendo, kisha unafanya mtihani wa bodi. Ukifaulu bado hujawa polisi, ila umekuwa mtu anayestahili kupewa leseni, na leseni yenyewe inatoka siku idara itakapokuajiri. North Carolina mambo ni mengine. Akademi yenyewe kwa sehemu kubwa hufanyika ndani ya komyuniti koleji, digrii si lazima, na anayemaliza akademi anaweza kuhesabiwa mafunzo yale kama krediti za digrii. Yaani huku digrii inatangulia akademi, kule akademi inazaa sehemu ya digrii. Na ziko idara nyingi ambazo hazitaki zaidi ya cheti cha sekondari. Zinakuajiri kwanza na kukulipa mshahara ukiwa mafunzoni, kama kwetu.

Kwa hiyo anayekwambia "ukitaka upolisi Marekani lazima usome haki jinai" amekosea, na anayesema "digrii hiyo haina kazi" amekosea vilevile. Inategemea umesimama jimbo gani na unataka kazi ipi.

Halafu kuna suala la umri ambalo washauri wa koleji hawalisemi sana. Idara nyingi hazimpi mtu bunduki na doria kabla hajatimiza miaka 21. Kijana anamaliza sekondari na miaka 18. Miaka mitatu hiyo ya kusubiri ndiyo ambayo koleji inaijaza vizuri, hasa kama kuna idara inayoajiri wanafunzi kama wasaidizi wa kiraia: anayeandikia magari faini ya maegesho, anayejibu simu za malalamiko madogo, anayepeleka vielelezo ghala. Mwanafunzi aliyefanya kazi hiyo mwaka mmoja anaomba ajira kwa watu ambao tayari wanamjua kwa jina.

Kwa nini komyuniti koleji, si chuo kikuu?

Wazo la polisi msomi ni la zamani. August Vollmer, mkuu wa polisi wa Berkeley, California, ambaye mwenyewe hakuwa na digrii, alisukuma masomo ya polisi yaanzishwe Chuo Kikuu cha California mwaka 1916. Lakini kwa nusu karne lilibaki jambo la wachache. Kilichobadilisha mambo ni miaka ya 1960, miji ilipowaka moto na wananchi wakawa hawawaamini polisi wao. Tume ya Rais Lyndon Johnson ilitoa ripoti mwaka 1967 ikipendekeza kwamba lengo la mwisho liwe kila polisi awe na digrii ya miaka minne. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria iliyoleta fedha za serikali kuu za kuwasomesha polisi na wanaotaka kuwa polisi.

Polisi anafanya kazi kwa zamu na ana familia. Hawezi kuhamia mji wa chuo kikuu. Koleji ya kaunti ilikuwa dakika chache kutoka kituoni na ilifundisha jioni. Fedha zikafuata huko, na kozi zikachipuka nchi nzima. Ubora haukwenda na kasi hiyo. Mwaka 1978 ripoti ya tume ya kitaifa, iliyoandikwa na mtafiti Lawrence Sherman, ilizikosoa vikali: nyingi zilikuwa mafunzo ya kazi yaliyovishwa joho la elimu, mwalimu akiwa polisi mstaafu anayesimulia visa vyake. Fedha za serikali kuu zikakauka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kozi zikabaki, na ukosoaji wa Sherman haujazeeka. Hata leo, ukitaka kuijua kozi, tazama nani anafundisha. Wakiwa wote ni askari wastaafu, kaa chonjo. Wakiwa mchanganyiko wa wakili, ofisa wa uangalizi wa walioadhibiwa nje ya gereza, mwanasosholojia na askari mmoja mwenye visa vizuri, hapo kuna darasa.

Massachusetts ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya mwaka 1970, maarufu kama Quinn, iliwaongezea mshahara polisi wa miji iliyojiunga na mpango: asilimia 10 kwa digrii ya miaka miwili, 20 kwa ya minne, 25 kwa ya uzamili. Unaweza kukisia kilichotokea. Askari wakafurika vyuoni, na baadhi ya vyuo vikagundua kwamba mteja huyu anataka karatasi kuliko somo, ikabidi jimbo liweke masharti ya ubora. Mwaka 2009 jimbo likapunguza sana fedha zake. Ila desturi ya kulipia digrii imebaki kwenye mikataba ya vyama vya polisi sehemu nyingi, na kwa mtu ambaye tayari yuko kazini hiyo ndiyo faida ya wazi kabisa ya masomo haya.

Na je, digrii inamfanya polisi kuwa polisi bora? Jason Rydberg na William Terrill walichapisha utafiti mwaka 2010 uliokuta kwamba polisi waliosoma chuo walikuwa na uwezekano mdogo wa kutumia nguvu, lakini haikuonekana tofauti kwenye ukamataji wala upekuzi. Mimi naona hilo ni jibu la kweli kwa sababu halijazidishwa chumvi.

Darasani

Kozi za mwanzo zinafanana karibu kila koleji: utangulizi wa mfumo wa haki jinai, sheria ya makosa, mwenendo wa jinai, magereza na adhabu za nje ya gereza, haki ya watoto, maadili, na uandishi wa ripoti. Hili la mwisho wanafunzi hulidharau, nalo ndilo linalowaangusha.

Chukua mfano. Mwanafunzi anaonyeshwa video ya dereva aliyesimamishwa barabarani, anaandika: "Dereva alikuwa amelewa." Mwalimu anaikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Kulewa ni hitimisho. Uliona nini? Macho mekundu. Harufu ya pombe alipofungua kioo. Alitafuta leseni, akakabidhi kadi ya benki. Aliposhuka alishika mlango ndipo akasimama. Andika hayo, mahakama itahitimisha yenyewe.

Huo si ukorofi wa mwalimu wa lugha. Unatoka kwenye sheria wanayoisoma kwenye kozi ya jirani yake. Oktoba 1963 mjini Cleveland, mpelelezi McFadden aliona wanaume wawili wakipita mbele ya dirisha la duka, wakichungulia, wakirudi kunong'ona kwenye kona, tena na tena, kisha wa tatu akajiunga nao. Akawafuata, akawapapasa nje ya makoti, akakuta bastola. Hakuwa na hati, wala sababu ya kutosha kumkamata mtu. Mwaka 1968, katika kesi ya Terry dhidi ya Ohio, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikubali alichofanya, kwa sharti: polisi aweze kutaja mambo mahususi aliyoyaona, siyo "nilihisi tu". Tangu hapo kila ripoti ya kumsimamisha mtu inaishi au kufa kwa mambo hayo mahususi. Mwanafunzi aliyezoea kuandika "alionekana mtu mbaya" hana kazi hapo.

Kuna kesi nyingine ambayo ningetamani kila mhamiaji aisome hata kama hasomei lolote. Mwaka 2010, Padilla dhidi ya Kentucky. Bwana Padilla, mzaliwa wa Honduras, dereva wa lori aliyetumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, alikiri kosa la bangi baada ya wakili wake kumwambia asihofu habari za uhamiaji kwa kuwa ameishi nchini muda mrefu. Ushauri ulikuwa wa uongo. Kosa lile lilimfungulia njia ya kufukuzwa nchini. Mahakama ikasema wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari hiyo kabla hajakiri. Uzito wake unaonekana ukijua kwamba katika mfumo huo, kama Mahakama ileile ilivyotaja mwaka 2012, asilimia 97 ya hukumu za hatia za mahakama za shirikisho na 94 za mahakama za majimbo hutokana na mshtakiwa kukiri mwenyewe, mara nyingi kwa makubaliano na mwendesha mashtaka. Kesi zile za kwenye runinga, zenye baraza la wazee wa mahakama na wakili anayepiga meza, ndizo chache zilizobaki.

Kazi zenyewe

Wengi wanaosoma haki jinai wanafikiria polisi tu, ilhali sehemu kubwa ya ajira iko kwingine. Takwimu za kazi za serikali ya Marekani kwa mwaka 2023 zinaonyesha mshahara wa kati, yaani nusu wanapata zaidi na nusu wanapata chini yake, wa takriban dola 74,900 kwa mwaka kwa polisi na wapelelezi, 61,800 kwa maofisa wa uangalizi, 53,300 kwa askari magereza na walinzi wa mahakama, na karibu 48,900 kwa wapokea simu za dharura za 911.

Magereza ndiko mlango ulio wazi zaidi. Majimbo mengi yanachukua mtu mwenye cheti cha sekondari na miaka 18 au kidogo zaidi. Digrii inasaidia wakati wa kupandishwa cheo. Tofautisha mahabusu ya kaunti, ambako wengi bado wanasubiri kesi, na gereza la jimbo, ambako tayari wanatumikia kifungo. Kazi ni ya zamu, na upungufu wa watumishi unafanya mtu aambiwe abaki zamu ya pili akiwa ameshavua buti. Wenzetu waliofanya kazi za kulea wazee usiku wataitambua ratiba hiyo.

Ofisa wa uangalizi, anayemfuatilia mtu aliyepewa adhabu ya nje au aliyetoka kwa parole (kuachiwa mapema kwa masharti), kwa kawaida anatakiwa digrii ya miaka minne. Hapo asosieti, yaani digrii ya miaka miwili, ni nusu ya safari. FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, kwa kawaida vilevile: digrii ya miaka minne, uzoefu wa kazi miaka miwili, umri wa kuanzia 23 na kabla ya kutimiza 37, na uraia wa Marekani. Maabara ya uchunguzi wa vinasaba ni mtego kabisa. Vijana wanaona filamu, wanajiandikisha haki jinai, kumbe maabara inataka digrii ya biolojia au kemia yenye jenetiki, baiokemia na takwimu ndani yake. Kama hiyo ndiyo ndoto yako, nenda idara ya sayansi leo, haki jinai chukua kozi moja ya hiari.

Karani wa mahakama, mshauri wa wahanga wa uhalifu, mlezi katika kituo cha watoto waliokinzana na sheria, ofisa usalama wa hospitali: hizi ni kazi ambazo asosieti inatosha au inakaribia kutosha, na hazina bunduki.

Kuna ukalimani pia. Kwa miaka kadhaa hadi 2024, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilikuwa juu kwenye orodha ya nchi zilikotoka wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao wanazungumza Kiswahili. Mahakama zinahitaji wakalimani. Mtihani wa uthibitisho wa mahakama za shirikisho kwa sasa ni wa Kihispania peke yake, kwa hiyo mkalimani wa Kiswahili anapimwa kwa sifa nyingine, na aliyesoma mwenendo wa jinai anajua tofauti ya dhamana na faini kabla hakimu hajamaliza sentensi.

Fomu ya historia yako

Waombaji wengi hawaangushwi na mtihani wala mbio, wanaangushwa na uchunguzi wa maisha yao. Fomu inauliza kila mahali ulipoishi kwa miaka mingi, kila mwajiri, kila faini ya barabarani, madeni, dawa za kulevya, jamaa. Aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anaijaza vipi sehemu ya mtaa na namba ya nyumba? Anaandika kambi, kanda, kijiji, miaka, na jina la mtu anayeweza kuthibitisha. Na yule ambaye karatasi zake zinasema alizaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu ndivyo alivyoandikwa kambini, huku cheti cha shule kikisema tarehe nyingine? Aeleze mapema, kwa maandishi, kabla mpelelezi hajalikuta mwenyewe.

Uongo mdogo kwenye fomu hiyo unaua ombi kuliko kosa lenyewe. Sababu yake ni ya kisheria. Tangu kesi za Brady ya 1963 na Giglio ya 1972, upande wa mashtaka unalazimika kumpa mshtakiwa taarifa zinazoweza kumsaidia, zikiwemo zinazoonyesha kuwa shahidi wa serikali si mkweli. Polisi aliyebainika kusema uongo atakumbushwa uongo huo na wakili wa utetezi kila atakapopanda kizimbani. Idara haitaki kumlipa shahidi asiyeweza kutoa ushahidi. Na kuna kosa moja lisilosameheka: kwa sheria ya shirikisho ya 1996, aliyetiwa hatiani kwa kosa la kumpiga mwenza, hata likiwa dogo, haruhusiwi kumiliki silaha, na sheria hiyo haikumwacha polisi nje.

Uraia nao upangiwe mapema. Kazi hizi za serikali kuu karibu zote zinautaka. Majimbo mengi yaliutaka kwa polisi pia, ingawa California iliondoa sharti hilo kuanzia 2023 na Illinois ikafungua mlango 2024 kwa wenye kibali halali cha kazi. Mkimbizi anayepata green card huhesabiwa ukaazi tangu siku alipoingia nchini, hivyo miaka yake mitano ya kuomba uraia inaanza kutembea mapema kuliko anavyofikiri.

Herufi moja na fedha

Asosieti ina krediti 60 hivi na ipo ya namna mbili. Inayoandikwa A.A. au A.S. imepangwa ili uhamie chuo kikuu mwaka wa tatu. Inayoandikwa A.A.S. imepangwa uingie kazini, na chuo kikuu kinaweza kukataa krediti zake nyingi. Kwenye tangazo zote zinaitwa haki jinai. Anayetaka uangalizi akachukua A.A.S. anaweza kujikuta anarudia mwaka mzima. California ina asosieti maalumu ya kuhamia vyuo vikuu vya jimbo, na Florida mwenye A.A. ya jimbo ana uhakika wa nafasi kwenye mfumo wa vyuo vya jimbo, japo si lazima chuo anachokitamani. Kwingine, ulizia chuo unachotaka kuhamia, siyo koleji inayokuuzia kozi.

Ada ya mkazi kwenye komyuniti koleji ni wastani wa dola 4,000 hivi kwa mwaka, na ruzuku ya Pell ya serikali kuu, isiyorudishwa, imefikia dola 7,395 kwa mwenye kipato cha chini. Mwenye green card anaweza kuiomba, mwanafunzi wa viza hawezi. Ruzuku hiyo ina kikomo cha miaka sita ya masomo katika maisha yako, kwa hiyo krediti zisizohamishika zinakula na ruzuku yako. Vyeti vya NECTA, KCSE au diplôme d'État ya Congo hupelekwa kwanza kwa kampuni za tathmini zinazotambuliwa. Anza na hilo kabla ya muhula.

Anayefikiria kurudi nyumbani na digrii hii ataipeleka kwa mamlaka ya nchi yake inayotathmini vyeti vya nje ili itambuliwe. Uandishi wa ripoti atakuja nao, na maadili, na jicho la kutazama magereza. Sheria ataianza upya: Terry hamfungi askari wa Kariakoo wala wa Kisumu. Tanzania ina Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, na Kenya ya kwao, Sura ya 75.